Sura ya Sita: Mdomo wa Bomba

Kufikia saa saba mchana Sajenti Janefer Nyamoita alikuwa amebakiwa na saa nne. Saa kumi na moja jioni faili ya mnara wa Kiptere ingefungwa, na kesho yake asubuhi Phelix, fundi wa kuchomelea vyuma, angesimamishwa kortini Kericho kujibu shtaka la kumuua kijana Kipkurui bila kukusudia. Mkuu wa kituo alikuwa ameshasema neno lake. Mnara wa tangi ulijengwa na Phelix, mnara umeanguka kwenye banda la majani chai, karani wa banda amefia chini yake. Kuna nini tena cha kuchunguza?

Nyamoita alikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa kwenye buti ya gari, vipande viwili vya bomba vilivyofungwa kwenye gunia, vikigongana kila gari lilipoingia shimo. Alivishusha Kapsoit, mbele ya karakana ya Ogoti.

Ogoti alikuwa ndiye fundi aliyeikosa kazi ya mnara ule Phelix alipoipata. Tena yeye peke yake, kutoka hapo hadi Soin, ndiye aliyejulikana kuwa na drili ya kusimama. Ukimtafuta mtu wa kumchukia Phelix, huendi mbali. Nyamoita alikuwa amekwenda kwake akiwa na matumaini mengi kuliko inavyompasa askari.

"Hivi ni vya mnara?" Ogoti aliuliza, akifuta mikono kwenye aproni.

"Ni bresi zake." Ndivyo mafundi wanavyoyaita yale mabomba ya mshazari yanayoishika miguu ya mnara isiyumbe. "Zilikuwa nane. Niambie kila moja ilikatwaje."

Ogoti alikibana cha kwanza kwenye vaisi, akainama hadi pua ikakaribia kugusa chuma. Mwisho wa bomba ulikuwa umekatwa mbonyeo, mfano wa mdomo wa samaki aliyeachama, ili uukumbatie mguu wa mnara kabla ya kuchomelewa.

"Hii ni kazi ya Phelix."

"Umejuaje?"

"Alizungusha karatasi kwa bomba, akachora. Akakata na grinda mara mbili, mshazari huku na mshazari huku. Halafu akakaa chini na tupa ya mgongo wa duara, akasugua mpaka mdomo ukakaa. Ona mikwaruzo, inatoka ndani ikienda nje. Mimi humcheka, Madam. Mdomo mmoja nusu saa. Lakini lete mguu."

Alichukua kipande cha bomba la inchi mbili, kama la miguu ya mnara, akakipachika mdomoni. Akaviinua vyote viwili kuelekea mlangoni. Hapakupita mwanga hata wa kuingiza uzi.

"Sasa hiki."

Cha pili ndicho kilichochomoka. Ogoti alikigeuza mara mbili. Ndani ya mdomo mikwaruzo ilizunguka, myembamba, iliyolingana.

"Hii imekatwa na mashine," alisema. "Msumeno wa kikombe. Ule wa kufungwa kwa drili unatoboa shimo la mviringo."

"Kama ulio nao wewe."

Ogoti aliuacha mkono wa vaisi. "Madam, mbona unaniangalia hivyo?"

"Nataka kuiona yako. Yote."

Alileta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa misumeno, akaumwaga juu ya meza kwa hasira. Nyamoita aliipima mmoja mmoja kwa tepu. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa milimita sitini, na huo ndio alioutumia kukatia midomo. Alijaribu kuuingiza kwenye mdomo wa bomba la pili. Haukuingia. Akaugeuza, akasukuma, haukuingia. Matumaini yake yaliishia pale, na aibu kidogo ikashika nafasi yake, maana Ogoti alianza kucheka.

"Kumbe ndio maana ulikuja. Sikiza, nikusaidie. Bomba la maji huitwa kwa shimo lake la ndani. Inchi mbili ni jina tu. Nje ni milimita sitini. Kila fundi anajua, hata yule mbaya. Huyu alienda dukani akasema, nipe msumeno wa inchi mbili, akapewa wa inchi mbili kamili, hamsini na moja hivi. Weka sasa juu ya mguu."

Nyamoita aliweka. Mdomo uliushika mguu kwa ncha zake mbili tu. Katikati palikuwa na pengo la kuingiza kidole cha mtoto, na kwenye pengo hilo vilining'inia vichwa vya misumari iliyokatwa.

"Aliona pengo akajaza misumari," Ogoti alisema. "Akachomelea juu, akapiga rangi. Kwa macho inapendeza sana. Lakini tani mbili za maji hazina macho."

"Kwa hiyo si fundi."

"Ni mtu wa kusoma. Anaamini kile kimeandikwa."

Nyamoita aliviviringisha tena vyuma kwenye gunia. Katika bresi zile nane, sita zilikuwa na midomo ya tupa. Mbili zilikuwa na midomo ya msumeno, na hizo mbili ndizo zilizong'oka. Basi kuna mtu mwingine aliyeugusa mnara baada ya Phelix, na jina lake halikuwa popote katika faili.

Simu ililia kabla hajafunga buti. Alikuwa Konstebo Omariba, aliyemwacha Kiptere kulinda karakana ya Phelix.

"Madam, vijana wameongezeka."

"Ni wangapi?"

"Arobaini hivi. Mmoja ana jerikeni. Sijui ni maji ama ni nini, hataki nikaribie."

"Apiyo yuko wapi?" Apiyo alikuwa mke wa Phelix.

"Amejifungia nyumba ya nyuma na watoto. Wanasema Phelix akisomewa mashtaka kesho ataachiliwa kwa dhamana, kwa hiyo hawatangoja. Sisi ni wawili tu hapa, Madam."

"Usitoke mlangoni. Nakuja."

Hakwenda moja kwa moja. Aliketi ndani ya gari, vioo vikianza kupata ukungu kwa mvua ya mchana ambayo Kericho haimnyimi mtu, akazisoma upya taarifa zote za mashahidi. Zilikuwa kumi na moja. Kumi hazikusema lolote juu ya kuutengeneza mnara. Ya kumi na moja ilikuwa ya Mwalimu Kipkemoi, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye pia alikuwa baba wa marehemu. Hakuna aliyetaka kumsumbua, kwa hiyo ilikuwa fupi, kwa mwandiko wa Omariba: *Mwezi wa tatu nilibadilisha pampu mbili. Tangu hapo mnara haukuwa na shida.*

Mbili. Nyamoita alimpigia Omariba.

"Hizi pampu mbili za Mwalimu ni gani?"

"Alisema pampu, nikaandika pampu."

"Maji ya tangi lile yanatoka wapi?"

"Chemchemi ya juu, kwa mashamba. Yanateremka yenyewe."

"Sasa kama yanateremka yenyewe, pampu ni ya kazi gani?"

Kwa mbali alisikia vijana wakiimba jina la Kipkurui.

"Sikuuliza, Madam. Mzee alikuwa analia."

Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza baba anayelia kunataka moyo mgumu, na Omariba alikuwa na miezi miwili tu kazini. Nyamoita hakumgombeza. Alijipangia jambo jipya: kuna fundi wa pampu aliyekuja mwezi wa tatu, akataka pa kuifunga mitambo yake, akakata bresi mbili zilizomzuia na kuziweka zake. Mwalimu angekuwa na jina lake. Labda hata namba ya simu. Aliondoa gari kwa kasi, akijiambia kwamba kufikia saa tisa angekuwa na mtu wa kukamata.

Boma la Mwalimu Kipkemoi lilikuwa limejaa. Turubai mbili zilifungwa uwanjani, wanakwaya wa kanisa walikuwa wakiimba polepole, na kina mama walipita na sufuria za chai. Mwalimu alitoka kumpokea akiwa amevaa koti lake la shule, mzee mrefu aliyenyooka, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja.

"Chamgei, Mwalimu. Pole tena," Nyamoita alimsalimu kwa Kikipsigis.

"Chamgei. Karipu, Sajenti." Ulimi wake wa Kikipsigis uliifanya karibu yake iwe karipu. "Twende kule nyuma. Hapa watu ni wengi."

Nyuma palikuwa na banda la bati lenye meza ya kazi. Nyamoita aliingia akitafuta pa kukaa, akasahau kukaa. Kwenye ukuta kila kifaa kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wake, na chini yake kikaratasi kimeandikwa jina kwa herufi za ubaoni. TUPA. NYUNDO. KOLEO. Mwisho wa meza palikuwa na drili mpya, ya kufungiwa kwenye kisimamo chake.

"Mwalimu, sitakuchelewesha. Uliandikisha kwamba mwezi wa tatu ulibadilisha pampu mbili. Ni nani alikuja kuzifunga?"

"Pampu?" Mwalimu alimtazama kana kwamba amekosea darasa. "Sisi hatuna pampu. Maji yetu yanashuka tu."

"Hivyo ndivyo imeandikwa."

"Hapana. Nilimwampia yule kijana, nimepatilisha pomba mbili. Za mnara."

Pomba. Nyamoita alilirudia neno lile kimoyomoyo. Mwalimu alikuwa amesema bomba, kwa ulimi wake. Omariba, mtoto wa Kisii kama yeye, alisikia pomba, akaona haiwezi kuwa pombe, akaandika kitu kilichokaribia. Hakukuwa na fundi wa pampu. Hakukuwa na mtu wa kwenda kumkamata mbali.

"Za mnara," alirudia taratibu. "Zile za mshazari?"

"Ndio. Lori la majani lilirudi nyuma likazipinda. Huyo Phelix alikuwa amesafiri kwao kwa mazishi, siku kumi. Watu watakaa siku kumi pila maji? Na Winny, msichana wanku wa Nairopi, alikuwa amenitumia hii mashine. Nilikuwa nimeona kwa simu vile inafanywa." Sauti yake ilitulia kidogo alipokuwa akieleza, kama ya mtu aliyepata pa kupumzika. "Tulifanya hapa hapa. Kipkurui alishika, mimi nikakata, kisha mimi nikachomelea."

Nyamoita hakuwa mtu wa kuombaomba Mungu akiwa kazini, lakini wakati ule aliomba kwamba misumeno ya mzee huyu iwe ya milimita sitini.

"Na zilizovunjika ni zipi, Mwalimu?"

"Za fundi." Alisema bila kusita. "Zanku haziwezi kufunjika. Zanku nilikata na mashine, mdomo ni duara kapisa. Yeye anakata na mkono, anakisia. Ndio maana nataka aende kortini. Mtu anachukua kazi ya watu kwa kukisia, mtoto wanku anakufa."

"Umeziona baada ya mnara kuanguka?"

"Siwezi kwenda pale."

Basi hakuwa ameziona. Mabomba manane, rangi moja ya kijani, yote yamelaliana chini ya tangi, na mwili wa mwanawe chini yake. Ni baba gani angesimama pale kuchambua midomo? Nyamoita alitoka hadi kwenye gari. Alirudi na gunia kifuani, akipita kando ya wanakwaya na kuwatikisia kichwa, akimwonea huruma mzee na kuogopa saa yake kwa pamoja. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Aliliweka bomba lililochomoka juu ya meza, akalifunua.

"Hili ndilo lililong'oka kwanza."

Mwalimu hakuligusa. Aliutazama mdomo wake, ile mikwaruzo ya kuzunguka, ile misumari. Kwaya ilimaliza ubeti, ikaanza mwingine. Kisha alinyoosha mkono ukutani, penye kikaratasi kilichoandikwa INCHI 2, akauondoa msumeno wa kikombe kwenye msumari wake. Aliuingiza mdomoni mwa bomba.

Uliingia wote, ukakaa.

Alikaa hivyo muda, ameshika msumeno ndani ya bomba. Nyamoita alidhani angekana. Wengi hukana hapo, hata wasio na hatia. Mwalimu aliuweka chini, akatafuta chini ya meza kipande cha bomba la inchi mbili, akalizungushia tepu ya kushonea nguo, akasoma.

"Mia moja themanini na tisa," alisema. "Kawanya kwa ishirini na mpili juu ya sapa." Midomo yake ilicheza kidogo. "Sitini."

"Ndiyo, Mwalimu. Inchi mbili ni ya ndani."

"Sikupima." Akayasema kwa sauti ya chini sana. "Nilisoma tu ile imeandikwa. Kila mwaka nawaampia watoto, pima kwanza. Pengo nililiona. Kipkurui ndiye aliuliza, Papa, hii nafasi si ni kubwa? Nikamwampia alete misumari."

Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Nyamoita alitamani sana kusema kitu cha kumfariji, lakini sheria ina utaratibu wake na utaratibu ule haungoji mtu anyamaze kulia.

"Mwalimu, kabla hujaendelea. Utakalosema naliandika, na linaweza kutumiwa kortini dhidi yako. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuita wakili."

"Nikinyamaza?"

"Nitachukua msumeno huu na mabomba. Lakini mkuu wangu atasema misumeno kama hii imejaa madukani Kericho. Bila maneno yako, kesho saa tatu Phelix anasomewa mashtaka."

Mwalimu aliikunja tepu polepole. Simu ya Nyamoita ililia mfukoni, akaipokea kwa haraka hata akabonyeza kipaza sauti bila kutaka.

"Madam, wamemwaga petroli kwa mlango wa karakana." Omariba alikuwa akipumua mdomoni. "Ni petroli, nimenusa. Mwenzangu ameenda kwa dirisha la nyuma kumtoa huyo mama, lakini pako na grili. Grili ya chuma. Madam, nipige risasi juu?"

"Nani anawaongoza?"

"Ni Weldon. Yule rafiki wa marehemu."

Nyamoita alikuwa ameshageukia mlango, akihesabu dakika hadi karakana ya Phelix, na akijua hazitoshi, Mwalimu alipomnyooshea kiganja. Alimpa simu.

"Mpe Weldon," Mwalimu alimwambia Omariba.

Palikuwa na msukosuko, kisha sauti ya kijana, ya ukali na ya kilio.

"Nani?"

"Ni Mwalimu."

"Mwalimu, tuache tu. Huyu msee ametuulia Kip. Ati atalipa bail atembee? Haiwezi."

"Weldon. Mimi ndiye nilikufundisha kusoma saa. Rutisha hayo mafuta."

"Lakini Mwalimu—"

"Si Phelix."

"Sasa ni nani?"

Nyamoita aliona kidole gumba cha mzee kikisugua ukingo wa simu. Nje kwaya ilikuwa imenyamaza, na mvua ilianza kugonga bati kwa matone machache mazito.

"Njoo nyumpani nitakuampia," Mwalimu alisema. "Njooni nyote. Mwampie huyo mama afungue mlango, na mumpe njia yeye na watoto. Umesikia?"

Omariba ndiye aliyerudi kwenye simu. "Madam, wanaondoka. Wengine wamekaa chini. Weldon ameweka jerikeni kwa miguu yangu."

Nyamoita alikata simu. Alitoa karatasi ya taarifa na kalamu, akaviweka mezani kando ya bomba. Saa ilikuwa tisa na dakika kumi.

Mlango wa banda ulisukumwa. Aliingia Phyllis, mke wa Mwalimu, na vikombe viwili vya chai kwenye sinia, leso yake imelowa mabegani. Aliiona karatasi, akamwona askari ameshika kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, siku mnara ulipoanguka, uso wake ukawa na kitu kama nafuu.

"Amekupali?" aliuliza. "Huyo fundi amekupali kosa?"

Mwalimu alimpokea sinia, akaitua. Akavuta kigoda cha kazini, kile cha pekee kilichokuwamo, akakipangusa unga wa chuma kwa mkono wa koti lake.

"Fundi hana la kukupali, Phyllis," alisema. "Kaa hapa."